Kidole Kimoja Hakivunji Chawa

Rwanda imekwisha kujenga maabara ya uchunguzi wa jinai. Sasa iajiri watu wa kutosha wa kufanya kazi ndani yake, na hasa wachunguzi wa alama za vidole. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nitaitetea hadi mwisho wa insha hii. Najua wapo watakaouliza mwanafunzi wa Kiswahili anatafuta nini katika mambo ya upelelezi na maabara. Jibu ni rahisi. Mimi ni mkazi wa Niboye, wilaya ya Kicukiro, jijini Kigali. Nina vidole kumi kama raia wengine, na siku nikituhumiwa kwa kosa nisilolitenda, huenda kitakachoniokoa kikawa ni alama iliyoachwa na mtu mwingine kwenye kioo cha dirisha. Ningependa siku hiyo awepo mtu wa kuisoma alama hiyo, na awepo wa pili wa kumhakiki.

Kwanza tutoe sifa panapostahili sifa. Si zamani sana ambapo sampuli za DNA kutoka nchini mwetu zilisafirishwa hadi Ujerumani ili zipimwe, huku familia, waendesha mashtaka na majaji wakisubiri majibu. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha maabara ya taifa ya uchunguzi wa jinai kama chombo kinachojitegemea, si kitengo kilichofichwa ndani ya polisi. Mwaka 2017 ikaundwa Idara ya Upelelezi ya Rwanda, RIB, nayo kazi ya upelelezi ikatenganishwa na kazi ya polisi ya kulinda usalama. Mwaka 2023 maabara ile ikapandishwa hadhi na kuwa taasisi kamili, ile tunayoiita RFI, iliyopo Kacyiru. Leo humo hupimwa DNA, sumu, dawa za kulevya, risasi, nyaraka za kughushi, simu na kompyuta, na alama za vidole. Nchi nyingi za bara letu zingependa kuwa na nusu ya hayo. Simo miongoni mwa wanaobeza kila kitu cha nyumbani.

Lakini jengo halisomi alama, na mashine haiendi mahakamani kuulizwa maswali na wakili. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Rwanda ina watu zaidi ya milioni 13, wilaya 30 na sekta 416. Wilaya ya Kicukiro peke yake ina watu zaidi ya 490,000. Tukisema kwamba kila nyumba inayovunjwa inastahili uchunguzi wa kweli, tunasema pia kwamba lazima wawepo watu wa kuufanya, tena kwa idadi. Kinyume chake ni kuwa na maabara ya mfano inayohudumia kesi kubwa zinazotangazwa redioni, huku wizi wa dirishani ukiendelea kuamuliwa kwa kunyoosheana vidole.

Nimesema kunyoosheana vidole, na sisemi kwa mafumbo. Kila mkazi wa Niboye anajua nyumba ikiibiwa nani hushukiwa kwanza. Hushukiwa msichana wa kazi. Asipokuwa yeye, hushukiwa mlinzi wa zamu, kisha fundi aliyekuja wiki iliyopita kutengeneza bomba, kisha kijana anayelala chumba cha uani. Ni nadra mwenye nyumba kumshuku mtu wa hadhi yake. Tuhuma huteremka kama maji, daima huelekea bondeni.

Jirani mmoja wa mtaa wetu aliibiwa televisheni na kompyuta mwaka juzi. Mwizi alipitia kidirisha cha choo baada ya kung'oa vioo vyake viwili na kuviegemeza ukutani, vikiwa vizima kabisa. Vile vioo vilikaa pale tangu asubuhi hadi jioni. Watu waliingia, wakavishika, wakaviinua kuvitazama, wakavirudisha. Hakuna aliyekuja na brashi wala unga wa kuibulia alama. Jioni ile ile msichana wa kazi, binti aliyetoka kijijini miezi minne tu kabla ya hapo, alichukuliwa kuhojiwa. Alikaa huko siku kadhaa. Hakikuonekana chochote dhidi yake, akaachiwa. Kazi alikuwa ameshapoteza, na mshahara wa mwezi ule hakulipwa, maana mwajiri alisema hawezi kumlipa mtu aliyemwibia. Kwa hiyo binti huyu aliachiwa na sheria lakini hukumu ya mtaa ikabaki kichwani mwake. Hadi leo, ukiuliza pale ni nani aliyeiba, utaambiwa ni yule msichana.

Wapo watakaosema kwamba hata alama zingechukuliwa, zingekuwa za yule yule msichana, kwani ndiye aliyekuwa akisafisha nyumba. Hapo ndipo ninapotaka tuelewane, kwa sababu hapo ndipo tofauti kati ya mchunguzi na mtu mwenye brashi inapoonekana. Alama ya kidole husema nani aligusa. Haisemi aligusa lini, wala kwa nini. Vidole vya mfanyakazi wa ndani kuwepo kwenye kabati la sebuleni havithibitishi wizi. Vinathibitisha kwamba alifuta vumbi. Mchunguzi aliyefunzwa huanza kwa kuchukua alama za wote waishio katika nyumba, kuanzia baba mwenye nyumba hadi mtoto, ili aziondoe kwenye hesabu. Kisha hutafuta mahali ambapo mwenye haki ya kuwepo hana sababu ya kupagusa: upande wa ndani wa kioo kilichong'olewa, juu ya ukuta wa uzio, chini ya fremu ya dirisha. Alama inayobaki bila mwenyewe ndiyo yenye habari. Bila mtu wa kufanya kazi hiyo ya kuondoa na kubakiza, alama za vidole zinaweza hata kumwangamiza asiye na hatia.

Historia ya elimu hii inatufundisha jambo hilo hilo. Mwaka 1892, katika mji wa Necochea nchini Argentina, watoto wawili waliuawa nyumbani kwao. Mama yao, Francisca Rojas, alimtaja mwanamume wa jirani kuwa ndiye muuaji. Mtu yule alikamatwa, akateswa ili akiri, naye akakataa. Kisha mpelelezi mmoja, aliyejifunza kwa Juan Vucetich namna ya kusoma alama za vidole, alirudi katika nyumba ile na kukuta mlangoni alama ya dole gumba lenye damu. Ilikuwa ya mama mwenyewe, na alipooneshwa akakiri. Watu hupenda kuisimulia kesi hii kama ushindi wa polisi dhidi ya muuaji. Mimi naisoma kama habari ya jirani aliyeteswa bure, na aliyeokolewa kwa sababu mtu mmoja mwenye ujuzi alirejea kuutazama mlango.

Hata kanuni za kupanga alama ambazo nchi nyingi zilizipokea zina somo kwa hoja yangu. Zinaitwa kwa jina la Edward Henry, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa polisi huko Bengal, ambako ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta mwaka 1897. Lakini hesabu na mpangilio ulioufanya mfumo ule utumike ulitokana kwa sehemu kubwa na wasaidizi wake wawili Wahindi, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Tangu mwanzo, basi, mkuu ndiye aliyepata jina, na watumishi waliokaa mezani na kioo cha kukuzia ndio waliofanya kazi. Bajeti zetu zisirudie dhuluma hiyo kwa kununua vifaa vyenye majina makubwa na kusahau mezani atakaa nani.

Tuitazame kazi yenyewe. Mistari ya vidole huumbika mtoto akiwa bado tumboni, na haibadiliki hadi mtu azikwe. Hata pacha wa kufanana hutofautiana. Mistari hiyo hukaa katika maumbo makuu matatu: vitanzi, ambavyo ndivyo vingi kuliko yote, vizingo, na matao, ambayo ni machache sana. Umbo peke yake halimtambulishi mtu, maana wenye vitanzi tumejaa kila mtaa. Kinachotambulisha ni vituo vidogo njiani: mahali mstari unapokatika, unapogawanyika mara mbili, unapozunguka kisiwa kidogo. Mchunguzi huchambua alama iliyookotwa, huilinganisha na alama ya mtu anayejulikana, hutathmini, kisha mchunguzi mwingine huhakiki. Hatua ni nne, na ya nne haiwezi kufanywa na yule aliyefanya tatu za kwanza.

Alama inayookotwa kwenye tukio si ile safi tunayoiacha kwenye mashine ya kitambulisho. Ni kipande tu, pengine robo ya kidole, kimeburutwa, kimechanganyika na vumbi au kimepandana na kingine. Kwenye kioo huibuliwa kwa unga na brashi, kwenye plastiki huibuliwa kwa mvuke wa gundi kali, kwenye karatasi hupakwa dawa ya ninhidrini hadi jasho la kidole ligeuke zambarau. Kila moja ina wakati wake na namna yake ya kuharibika. Wazee wetu wa Rwanda husema kwamba ukweli hupita motoni usiungue. Huenda ni kweli kwa moto. Lakini alama iliyo nje ya dirisha haihimili mvua yetu ya mwezi wa nne. Anayefika kesho kutwa kwa sababu ana kesi nyingine katika wilaya tatu hakuti ukweli pale. Hukuta kioo kilichooshwa.

Sasa nawajibu wanaosema kwamba mashine zitatosha. Ni kweli, zipo programu za kompyuta zinazopekua mamilioni ya alama kwa muda mfupi. Lakini programu hiyo hairudishi jina moja. Hurudisha orodha ya wanaofanana zaidi, kisha humwachia binadamu aamue kama yumo anayetafutwa au hayumo. Kadiri hazina ya alama inavyokuwa kubwa, ndivyo uwezekano wa kumpata mtu anayefanana sana lakini siye unavyoongezeka. Kwa maneno mengine, mashine nzuri zaidi inahitaji jicho la makini zaidi. Anayenunua mashine ili apunguze wachunguzi amenunua trekta akauza shamba.

Mfano wa hatari hii unajulikana duniani kote. Mwezi wa tatu mwaka 2004 mabomu yalilipuka katika treni za Madrid na kuua watu zaidi ya 190. Alama iliyopatikana kwenye mfuko wenye vifaa vya kulipulia ilitumwa Marekani, na kompyuta ya FBI ikatoa orodha ya wanaofanana. Mmoja wao alikuwa Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon. Mchunguzi wa kwanza alisema ni yeye. Wa pili akakubali, wa tatu akakubali, na hata mtaalamu aliyeteuliwa na mahakama akakubali. Mayfield alikaa kizuizini wiki mbili, hadi polisi wa Hispania walipotangaza kwamba alama ile ni ya mtu mwingine, raia wa Algeria. Serikali ya Marekani ilimwomba radhi na mwaka 2006 ikamlipa dola milioni mbili.

Mpinzani wangu atafurahi hapa. Atasema: si unaona, walikuwa wanne na bado wakakosea, sasa kuongeza watu kunasaidia nini? Jibu ni kwamba wale hawakuwa wanne. Alikuwa mmoja, na wengine walimfuata nyuma wakijua tayari alichosema. Kuhakiki kwa namna hiyo ni kupiga muhuri tu. Mtafiti Itiel Dror na wenzake walilionesha jambo hili mwaka 2006. Waliwapa wataalamu watano alama ambazo kila mmoja wao aliwahi kuzilinganisha miaka ya nyuma na kusema ni za mtu mmoja, lakini safari hii wakawaambia kwamba hizi ndizo zile alama za Mayfield zilizokosewa. Wanne kati ya watano walibadili uamuzi wao. Alama zilikuwa zile zile, na macho yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni maneno waliyoambiwa kabla ya kutazama.

Na upande wa pili wa ushahidi ni huu. Mwaka 2011 yalichapishwa Marekani matokeo ya jaribio kubwa lililowahusisha wachunguzi 169. Makosa ya kumtaja mtu asiyehusika yalikuwa machache sana, takribani moja katika elfu. Makosa ya kumwondoa mtu anayehusika yalikuwa mengi zaidi, kama 7.5 katika kila 100. Lakini lililonigusa ni hili: hakuna alama hata moja iliyowafanya wachunguzi wawili wamtaje kimakosa mtu yule yule. Kila kosa la kumtaja asiyehusika lingegunduliwa kama mchunguzi wa pili angetazama alama ile kwa kujitegemea, bila kujua wa kwanza kasema nini.

Waswahili walilisema hili kabla ya maabara yoyote: kidole kimoja hakivunji chawa. Mchunguzi mmoja, hata awe bingwa, hatoshi. Nasi tusijidanganye kwamba uhakiki wa kujitegemea unawezekana pale walipo wachunguzi wachache waliozungukwa na marundo ya bahasha. Watu wachache wanaokaa chumba kimoja hujuana kazi zao zote, na mwenye bahasha zake mia mezani hatatumia saa tatu kuikagua upya bahasha ya mwenzake. Ataitazama, ataona jina la mwenzake anayemheshimu, atatia sahihi. Kwa hiyo anayedai ubora bila kudai idadi anadai mchuzi bila moto. Suala la kuongeza wachunguzi si la kasi peke yake. Ni la ukweli wa ripoti yenyewe.

Mji wa Houston nchini Marekani ulijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2009 ukaguzi wa kitengo cha alama za vidole cha polisi wa mji ule ulikuta makosa katika kazi na maelfu ya kesi zilizolala bila kuguswa. Ikabidi mji ukodi wataalamu kutoka nje kuzirudia kesi za zamani na kupunguza rundo. Baadaye maabara nzima iliondolewa mikononi mwa polisi. Sisi tumetangulia kwa hatua hiyo ya mwisho, maana maabara yetu imekwisha kutengwa na polisi. Itakuwa aibu tukijikwaa kwenye hatua ya kwanza, ambayo ni kuwa na watu.

Wapo wanaosema Kigali ni mji salama, na kwamba nazua tatizo. Nakubali kwamba ni salama, na najua sababu mojawapo: familia za Niboye huchangia kila mwezi fedha za irondo, vijana wakakesha barabarani kwa ajili yetu. Lakini irondo huzuia wizi. Haielezi nani ameiba pale wizi unapotokea. Na usalama wa nani tunaousifia? Mwenye nyumba anaweza kununua televisheni nyingine. Binti aliyepoteza kazi na jina lake hana duka la kununulia jina jipya.

Wengine husema kamera zimefungwa barabarani. Kamera huona barabara. Mwizi wa dirishani haji kwa barabara kuu akiinua uso. Hupita uchochoroni nyuma ya uzio, usiku, na kofia kichwani. Wengine tena husema huu ni wakati wa DNA, alama za vidole ni elimu ya babu zetu. Najua DNA imependwa sana mitaani, na mazungumzo juu ya baba halali wa mtoto hayaishi. Lakini kipimo cha DNA ni ghali, nacho hakitofautishi pacha wa kufanana kwa njia ya kawaida, wakati kidole huwatofautisha. Kwa wizi wa nyumba, brashi na unga ni silaha ya watu wa kipato chetu.

Linabaki suala la fedha. Ni kweli mchunguzi hapatikani kwa wiki mbili. Humchukua mwaka mmoja hadi miwili ya kufundishwa chini ya mkongwe kabla hajaaminiwa kutia sahihi peke yake. Hiyo ndiyo sababu ya kuanza leo, si ya kuahirisha. Na tusipige hesabu ya upande mmoja. Sheria yetu ya mwenendo wa kesi za jinai ya mwaka 2019 inamruhusu jaji kuamuru mtuhumiwa awekwe kizuizini kwa muda wa siku 30, na muda huo unaweza kuongezwa. Kila mara unapoongezwa kwa sababu majibu ya maabara hayajafika, kuna anayelipa: serikali hulipa ulinzi na chakula, familia hulipa nauli za kwenda kumtazama ndugu yao, mtoto hulipa kwa kukosa karo. Gharama hiyo haimo kwenye kitabu cha maabara, kwa hiyo huonekana kama haipo.

Zaidi ya hayo, serikali za kanda yetu hazijawahi kuona taabu kukusanya vidole vyetu zinapovihitaji zenyewe. Wakoloni wa Kiingereza nchini Kenya waliwalazimisha wanaume Waafrika kubeba kipande, chenye alama za vidole, ili wasiwatoroke waajiri wao. Siku hizi Mkenya anayetafuta kazi hupanga foleni kutoa vidole vyote kumi ili apate cheti cha polisi cha maadili mema. Tanzania iliwataka wenye simu wasajili laini zao upya kwa alama za vidole, na tarehe 20 Januari 2020 ndiyo iliyowekwa kuwa mwisho. Hapa Rwanda kijana akifika miaka 16 huweka vidole kwenye mashine ili apate kitambulisho, na wengi wetu tunapopiga kura tunatia dole gumba. Sidai kwamba wapelelezi wafunguliwe hazina yote ya vitambulisho wapekue watakavyo. Jambo hilo lingehitaji mjadala wake na sheria yake. Ninachosema ni kwamba nchi iliyo na watu wa kutosha wa kuchukua alama zetu iwe pia na watu wa kutosha wa kuzisoma pale zinapoweza kututetea.

Basi nadai mambo manne. La kwanza, kila wilaya iwe na maafisa wa kuokota alama wanaoweza kufika kwenye tukio siku hiyo hiyo, hata kwa wizi ambao hautatangazwa popote. Na kila mkuu wa mudugudu afundishwe jambo moja tu, kuwazuia watu wasiguse kitu hadi wafike. La pili, idadi ya wachunguzi pale Kacyiru iongezwe kiasi cha kuwezesha kila ripoti, iwe inamtaja mtu au inamwondoa, kuhakikiwa na mchunguzi wa pili asiyejua jibu la wa kwanza. La tatu, kesi ambayo ndani yake mtu yuko kizuizini itangulie nyingine zote, na majibu yake yafike kabla siku 30 za kwanza hazijaisha. La nne, taasisi itangaze kila mwaka ina wachunguzi wangapi wa alama, imepokea kesi ngapi, imemaliza ngapi na ngapi zinasubiri. Tukijua idadi tutajua la kuwaomba wabunge wetu wakati wa bajeti.

Naongeza la tano kwa wenzangu wanaosoma Kiswahili, maana hili linatuhusu sisi. Tangu mwaka 2017 Kiswahili ni lugha rasmi nchini Rwanda, na wezi, kama wafanyabiashara, huvuka mipaka ya Rusumo na Gatuna bila kuuliza lugha. Kesi inayogusa Kigali, Mwanza na Bukavu itahitaji ripoti ambayo jaji, wakili na mtuhumiwa mwenyewe wataielewa. Mtuhumiwa anayesomewa maneno ya kitaalamu kwa lugha asiyoijua hawezi kuuliza swali pekee litakalomwokoa: je, kuna mtu wa pili aliyeitazama alama hii? Kazi ya kuiandika sayansi hii kwa Kiswahili chepesi inatusubiri sisi, na hatuhitaji bajeti ya serikali ili tuianze.

Anayeona nimezidisha aniambie kwa heshima ni lipi katika madai haya angelikataa siku mtoto wake wa kike anapokuwa ndiye msichana wa kazi katika nyumba iliyovunjwa. Mpaka nipate jibu hilo, nitaendelea kusema: majengo tunayo, mashine tunazo, vidole tumevitoa. Waleteni watu wa kuvisoma, na wasiwe mmoja mmoja.